Tulivyochagua Chombo cha Nyumbani

Mimi ni mtu wa Ulaya. Usishtuke, wala usidhani nakuandikia kutoka nchi za theluji. Ulaya yangu ni kijiji cha Wilaya ya Kilosa, upande wa njia itokayo Kilosa mjini kwenda Mikumi, na theluji yetu ni vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Nataka kukusimulia jinsi sisi wa nyumba moja tulivyogombana, tukapatana, tukagombana tena, kwa ajili ya kununua pikipiki. Huenda nawe sasa hivi una kijana wako anayekueleza habari za cc na mwendo, nawe waitikia kwa kichwa tu kwa kuwa huelewi. Nami nilikuwa hivyo hivyo.

Kwanza neno juu ya jina lenyewe. Watu wa pwani mashua huiita chombo. Sisi wa bara tumelichukua neno lao, na leo pikipiki, bajaji na motokaa zote huitwa vyombo vya moto. Mimi nalipenda jina hilo, maana chombo, kiwe cha majini au cha nchi kavu, kwanza ni kitu cha kutiwa kitu ndani. Chungu nacho ni chombo. Ukienda sokoni kununua chungu huulizi kwanza kama chachemka upesi. Wauliza kama chatosha mboga ya watu wa nyumbani mwako. Ajabu ni kwamba chombo kikiwa na injini, swali hilo twalisahau.

Mimi nililisahau mwezi wa Aprili 2017. Binti yetu mdogo, wakati ule mwenye miaka minne, alishikwa na homa usiku, hata kulipopambazuka akaanza kushtukashtuka mwili na macho yakageuka. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na gari la abiria halikupita. Akapatikana kijana mmoja wa bodaboda. Nikapanda mimi nyuma, mtoto tukamweka katikati yetu, na mama yake akabaki mlangoni kwa kuwa hapakuwa na nafasi, mkononi ameshika kanga aliyotaka kumfunika mwanawe. Huko ndiko kunakoitwa mishikaki, yaani watu kupangwa juu ya pikipiki kama nyama juu ya kijiti, na sheria yakataza. Nami, mwalimu niliyefundisha watoto wa watu kwa miaka mingi kutii alama za barabarani, nikamgonga kijana yule begani nikamwambia, "Kimbiza!"

Akakimbiza. Tulipofika kwenye korongo moja ambapo maji yalikuwa yamekata njia, tairi la mbele likateleza, tukaanguka wote watatu. Mimi nilichubuka magoti, na kijana hakupata neno. Mtoto aliangukia upande wa kulia, na bomba la moshi, lile tuliitalo ekzosi, likamlalia mguuni.

Tulifika hospitali Kilosa. Malaria ilitibiwa kwa siku nne. Ule mguu ulichukua miezi miwili. Mama yake aliwasili saa kumi jioni, nusu ya njia kwa miguu, nusu juu ya lori la mahindi. Hakunigombeza. Alikifunua kidonda, akakitazama, akakifunika. Laiti angalinigombeza! Nawe usinipe pole kwa kumlaumu kijana wa watu, maana yeye alifanya alilotumwa, na aliyemtuma ni mimi.

Basi, miaka miwili ikapita. Wakati huo mji wa Kilosa ulikuwa umejaa watu kwa ajili ya ujenzi wa reli ya kisasa, kwa kuwa katika milima ya kwetu reli ile ilibidi kupitishwa katika mahandaki, na vijana wengi walipata vibarua. Mwanangu wa kwanza, mwenye miaka 22, alikuwa mmoja wao. Hakunywa, hakuvaa viatu vya fahari, alikusanya. Mwezi wa Juni 2019 akaja nyumbani akaweka juu ya meza shilingi 3,000,000, tukazitazama wote kama mtu atazamaye mgeni asiyemjua. Akasema, "Baba, nataka tununue pikipiki. Ile ya cc 250." Alikuwa amemwona mpima ardhi mmoja akiipandisha mlimani kama mbuzi, tairi zake zina meno, kiti chake kirefu, sauti yake nzito.

Nami, msomaji, nikaipenda kabla sijaiona. Nikajiona nimeketi nyuma, tumepita mbele ya kanisa, watu wakigeuka. Mzee mwenye kiinua mgongo kilichokwisha, lakini moyo wangu ulikuwa umeshapanda.

Mke wangu alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua macho. Akauliza, "Nani atabaki?"

Hatukumwelewa. Akarudia, "Sisi tu sita. Kitu hicho chachukua wawili. Nataka kujua siku ya taabu nani atapanda na nani atabaki mlangoni na kanga."

Hapo pakawa kimya. Kijana akajaribu kusema kwamba kwa safari fupi, polepole, hata wanne wataenea. Mama yake akaweka ungo chini. Mwaka uliotangulia, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Viktoria, karibu na Ukara. Kiliruhusiwa kuchukua watu 101, na waliokufa walizidi 220. Mke wangu alikuwa ameisikiliza redio siku zile zote mpaka betri zikaisha. Akamwambia mwanawe, "Wale nao walikuwa karibu kufika." Akaendelea na mchele wake.

Yakupasa kujua kwamba kwetu Usagara, kama kwa jirani zetu Wakaguru na Waluguru, ukoo hufuata upande wa mama. Baba hulea, walakini neno zito la mtoto halikatwi bila mjomba. Naye mjomba wa watoto wangu ni dereva wa lori, huenda Tunduma na kurudi Dar es Salaam, na kituo chake cha kulala ni Mikumi. Tukamwona ndiye mwamuzi wa haki. Siku ya Jumamosi tukapanda gari la abiria, mimi, mke wangu, kijana, na yule binti mdogo, ambaye sasa alikuwa na miaka sita. Wengine wawili wakabaki kulinda nyumba, na mke wangu hakuacha kulitaja jambo hilo njiani.

Mikumi ni mji wa watu wangojao. Malori yamejipanga kando ya barabara kuu, madereva wanakula nyama ya kuchoma, wengine wamelala chini ya magari yao. Kutoka hapo kuelekea Morogoro barabara hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kadiri ya kilometa 50, na humo tembo na twiga na nyati huvuka barabara bila kuomba ruhusa. Mwendo ulioruhusiwa ni kilometa 70 kwa saa mchana na 50 usiku, na mabao yameandikwa tozo ya kila mnyama atakayeuawa na gari.

Shemeji yangu akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwuliza mpwawe, "Mjomba, hiyo ya cc 250 yasimamaje?"

Kijana akasema, "Yakimbia mpaka 120."

"Sikukuuliza hilo. Mimi lori langu lina mzigo wa tani nyingi. Usiku humu mbugani akitokea tembo, sitamwambia tembo injini yangu ina nguvu ngapi."

Hapo ualimu wangu ukaamka. Nikachukua kijiti, nikapiga hesabu mavumbini, nawe waweza kuipiga hapo ulipo. Mwendo wa kilometa 40 kwa saa ni mita 11 kwa kila sekunde. Mwendo wa 80 ni mita 22. Mtu akiona mbuzi njiani, sekunde moja hupotea kabla mkono haujashika breki, na chombo kimekwenda mita hizo zote bure. Tena breki zikianza kushika, mwendo ukizidi mara mbili, nafasi ya kusimama huzidi mara nne, si mara mbili kama wengi wanavyodhani. Kijana akaitazama hesabu ile kwa muda. Alikuwa hodari wa hesabu shuleni, hakuweza kubisha.

Tukaenda dukani. Nakuomba, msomaji, ukienda kuchagua chombo cha nyumbani, nenda na watu wa nyumbani, uwaketishe juu yake kila mmoja. Mwenye duka atacheka, mwache acheke. Ile ya cc 250 ilikuwapo, imetumika kidogo, inang'aa. Mke wangu akajaribu kuipanda. Kiti kilikuwa juu hata alipoketi miguu yake ikaning'inia, na kanga ikampanda magotini mbele ya watu. Akashuka, akaikung'uta kanga, akasema, "Hii ni ya mtu asiye na mama." Nami nikajaribu, nikaona kwamba mguu wangu wagusa ardhi kwa ncha ya kidole tu. Chombo ambacho mwendeshaji wake hawezi kukanyaga chini kwa miguu yote miwili kitamwangusha siku ya tope, na si kwa mwendo bali kikiwa kimesimama.

Tukatazama bajaji. Mke wangu akaipenda, kwa kuwa ina paa, na sheria yaruhusu abiria watatu. Mimi pia nilidhani tumepata. Lakini shemeji akachuchumaa akamwonyesha dada yake tairi. Tairi za bajaji ni ndogo, za inchi 8, na za pikipiki ni za inchi 17. Tena njia yetu ya udongo malori huichimba mifereji miwili, na katikati hubaki tuta. Pikipiki huchagua mfereji mmoja ikaufuata. Bajaji ina tairi tatu. Zile za nyuma zikiwa mifereji, ile ya mbele imo juu ya tuta yahangaika. Kwa mjini Kilosa bajaji ni chombo chema sana, na kwa Mikumi pia penye lami. Kwetu wakati wa masika ingalikaa chini ya mwembe mpaka Juni. Tena bei yake ilikuwa karibu mara tatu ya pikipiki ya kawaida, nasi hatukutaka kumfunga kijana kwa deni.

Basi tazama shida yetu. Chombo kilichowatosha watu hakikuitosha njia, na chombo kilichoitosha njia hakikuwatosha watu. Tukakaa kivulini tukanywa soda, hakuna aliyesema.

Wakati huo binti mdogo alikuwa akizunguka kati ya pikipiki zilizopangwa. Nilimwona, na mama yake alimwona. Alipita upande wa kushoto wa kila moja, akizigusa viti. Alipofika mwisho wa mstari ilimbidi kurudi kwa upande wa kulia, ndipo akasimama. Akatutazama. Pikipiki zile zilikuwa za dukani, baridi kabisa, hazijawahi kuwashwa, walakini hakupita. Kaka yake akainuka, akaenda, akaweka kiganja chake juu ya bomba la moshi la ile iliyokuwa karibu, akakiacha hapo ili amwone. Kisha akamchukua mkono wakapita pamoja. Aliporudi kuketi hakuitaja tena cc 250, wala mimi sikuitaja, ingawa nakiri kwamba niliigeukia mara moja tulipoondoka.

Tukachukua Boxer ya cc 150, shilingi 2,600,000. Injini yake ina nguvu za farasi kama 12. Si nyingi, walakini kiti chake ni kirefu na cha chini, mtu hukanyaga ardhi, na vipuri vyake hupatikana mpaka kijijini, jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko nguvu zote, kwa maana chombo kikali kinachongoja kipuri kutoka Dar es Salaam ni kiti cha kuku tu. Kijana alisononeka kidogo juu ya mlima wa kwenda shambani. Hapo fundi mmoja wa Mikumi, mtu mwenye mikono myeusi na maneno machache, akatufundisha. Alisema mvuto hauko katika injini peke yake. Uko pia katika sproketi, yale magurudumu ya meno yanayozungushwa na cheni. Ukiweka sproketi ya nyuma yenye meno mawili matatu zaidi, pikipiki hupoteza mwendo wa juu, nayo hupata nguvu ya kupanda na mzigo kwa polepole. Kijana akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Alikuwa amepata mnyama wake wa mlimani, naye mama yake alikuwa ameondoa mwendo asiouhitaji, kwa kazi moja ya saa moja.

Fundi yule akatuambia pia kwamba breki za ngoma zikiingia maji kwenye korongo hazishiki mpaka zikauke. Ukishavuka, zibonyeze kidogo kidogo huku ukienda taratibu kabla hujaziamini. Neno hilo lingaliambiwa kijana wa Aprili 2017, nami nikiwa nyuma yake, sijui kama ningalisikia.

Fedha iliyobaki ilitiwa katika leseni, bima na kofia ngumu. Kijana alitaka kofia moja, ya mwendeshaji. Hapo mimi ndimi niliyegoma. Wataalamu wa afya wamekadiria kwamba kofia ngumu ikivaliwa sawasawa hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi, na hesabu hiyo haibagui aketiye mbele na aketiye nyuma. Tukanunua mbili. Ya kitoto haikuwapo Mikumi. Ilitubidi kungoja shemeji ailete kutoka Dar es Salaam baada ya wiki tatu, nyekundu, nayo ilimpwaya binti hata tukaitia kitambaa cha kanga ndani.

Na lile swali la mama, nani atabaki? Hatukulijibu dukani. Tulilijibu barazani, usiku, kwa kalamu na karatasi. Wapanda wawili tu, mwendeshaji na mwingine. Mgonjwa akiwapo, mama huenda naye kwanza, na kijana hurudi kumchukua mwingine. Safari mbili ni petroli mara mbili, basi tukakata fedha ya petroli ya safari ya pili, ikawekwa katika kopo la maziwa, haiguswi kwa jambo lingine. Mimi nikaandikwa wa mwisho katika orodha. Sikupenda, lakini kura zilikuwa tano kwa moja.

Mvua za mwisho wa mwaka ule zilikuwa nyingi, na wazee wa Kilosa mjini walianza kukumbushana gharika ya Desemba 2009 na Januari 2010, wakati mto Mkondoa ulipobomoa tuta na maelfu ya watu wakahamia katika mahema. Usiku mmoja wa Januari 2020 mtoto wetu wa tatu akapata maumivu ya tumbo. Mama yake akavaa kofia, akamshika kijana wetu kiunoni. Mtoto, mwenye miaka 13, alikuwa wa kwenda kwanza na mama, na hapo orodha yetu ikatushinda, maana hao na mwendeshaji ni watatu. Tulisimama mvuani tukitazamana. Kijana mwenyewe akaamua: akamchukua mgonjwa peke yake, amefungwa kwa kanga mgongoni pa kaka yake, akamfikisha zahanati, akamwacha mikononi mwa mwuguzi, akarudi kumchukua mama. Safari ya kwanza na ya pili zilikula dakika 50. Mke wangu alikaa mlangoni dakika zile zote, na kofia kichwani. Hakusema neno juu yangu wala juu ya pikipiki, ila mara moja aliuliza kama nimesikia muungurumo. Ilikuwa radi.

Mtoto alikuwa na minyoo tu, sifa kwa Mungu. Walakini tuliirekebisha orodha.

Pikipiki ile ingali hai. Imebadilishwa cheni mara nne na kiti mara moja. Jumapili kijana humpeleka mama yake kanisani, hurudi kuchukua wadogo mmoja mmoja, nami natoka mapema kwa miguu na fimbo yangu; mara nyingi hunipita mara tatu kabla sijafika, akipiga honi, nami nasogea pembeni kwa heshima kama mtu apishaye lori la Tunduma.

Binti aliyeungua sasa ni msichana mrefu. Hupandia kushoto kila mara, kama sote tulivyojizoeza kwa ajili yake. Juzi aliniuliza kama ruhusa ya kujifunza kuiendesha ataipata siku miguu yake yote miwili ikigusa ardhi, kwa kuwa ameipima na tayari yagusa. Nikamwambia amwulize mama yake. Mama yake akamwambia neno kama hilo hukatwa na mjomba. Naye mjomba yuko Tunduma, kwenye foleni ya mpakani, hatarudi mpaka wiki ijayo.